Uchafu wa wote hauondolewi na fagio la mmoja



Ndugu msomaji, wiki hii safu yetu ya afya na usafi inataka kuzungumza nawe juu ya uchafu ambao haumo ndani ya nyumba yako. Nyumba yako najua ni safi. Uwanja unafagiwa kabla jua halijapanda, vyombo vinasuguliwa, ndoo ya maji ya kunywa ina kifuniko, na watoto hawaingii ndani mpaka wameosha miguu. Uchafu ninaousema ni ule unaoanzia pale fagio lako linapoishia. Ni mtaro uliojaa mchanga na mifuko, chemba iliyopasuka nyuma ya nyumba ya kupanga, jalala lililojitokeza lenyewe kwenye kiwanja ambacho mwenyewe hajulikani, na bomba la wote linalovuja mpaka limefanya dimbwi. Kila mtu anauona, anaziba pua na kupita, huku akijiuliza moyoni: kwani hii ni kazi yangu?

Swali hilo, ndugu yangu, ndilo linalotujazia zahanati.

Nikisema Masaki nakusudia Masaki yetu ya Kisarawe, mkoa wa Pwani, si ile ya mabalozi na mahoteli kule Dar es Salaam. Wenyeji wa huku tunajua jinsi mambo yanavyobadilika. Zamani nyumba na nyumba zilitenganishwa na mikorosho na miembe, na taka za mtu zilioza shambani kwake mwenyewe. Leo watu wanatoka mjini kutafuta viwanja Kisarawe, uzio unagusana na uzio, na choo cha huyu kinachimbwa karibu na kisima cha yule. Tunaishi kwa msongamano wa mjini lakini tabia zetu za usafi bado ni za shamba. Shambani mtu aliweza kujitegemea kwa usafi. Penye nyumba zilizobanana hawezi, hata awe msafi wa namna gani.

Maradhi hayajui mpaka wa uzio

Tuanze na kuhara, ugonjwa ambao sisi matabibu tunakutana nao kila siku. Mama analeta mtoto amelegea, macho yameingia ndani. Anapewa maji ya chumvichumvi na dawa ya zinki, anapata nafuu, alhamdulillah, anarudi nyumbani. Baada ya wiki tatu mama yule yule anarudi na mtoto yule yule. Je, dawa haikufanya kazi? Ilifanya. Lakini mtoto alirudi kucheza pembeni ya dimbwi lile lile linalotoka kwenye chemba ile ile. Dawa inamtibu mtoto. Haiwezi kuziba chemba.

Mfikirie na nzi. Katika joto letu la Pwani, yai la nzi lililotagwa kwenye taka linaweza kuwa nzi kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi. Nzi huyo akitoka jalalani au chooni hajui kwamba kibanda cha maandazi ni cha mtu msafi. Anatua tu, na miguu yake ina kinyesi.

Kipindupindu nacho ni hivyo hivyo. Vijidudu vyake hutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa na kuingia kinywani mwa mzima kwa njia ya maji, chakula au mikono. Mlipuko ulioanzia wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam, mwezi Agosti 2015 ulisambaa mikoani, na kufikia mwaka uliofuata wagonjwa walikuwa wamepita 20,000 nchi nzima. Miongoni mwao walikuwamo watu ambao vyoo vyao vilikuwa safi kabisa. Maji waliyokunywa ndiyo yaliyopitia kwa jirani.

Mbu nao wana makazi yao mbalimbali. Mbu wa malaria hupenda maji yaliyotuama yanayopigwa na jua, kama madimbwi ya mvua na mashimo ya kufyatulia matofali. Mbu wa mitaro michafu na makaro ndio ambao hapa Pwani wamekuwa wakieneza matende na mabusha kwa vizazi vingi. Wako pia wale wenye madoa meupe wanaouma mchana, wanaozaliana kwenye maji safi ndani ya makopo, vifuu, matairi na madumu yasiyofunikwa. Hao ndio walioeneza homa ya dengue Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Wote hao, kutoka yai mpaka mbu anayeruka, huhitaji kiasi cha wiki moja hadi siku kumi na kitu. Tafadhali iweke hesabu hiyo akilini, tutaihitaji mbele.

Kwetu sisi Waislamu kuna jambo jingine juu ya hayo. Maji ya karo yanayokatisha njia ya msikitini ni najisi. Mtu ametawadha nyumbani kwake vizuri, anafika msikitini pindo la kanzu limelowa kitu ambacho hakijui. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kujisaidia njiani, penye kivuli wanapopumzika watu, na kwenye vyanzo vya maji. Ukiyatazama maeneo hayo matatu utaona kwamba yote ni mali ya wote. Basi anayeachia karo lake litiririke njiani ana tofauti gani na yule aliyekatazwa?

Wakazi wa Tabata walivyosimama

Wako watakaosema: sisi wanyonge tutafanya nini, hii ni kazi ya halmashauri, na halmashauri haisikii. Hebu tukumbushane walivyofanya wakazi wa Tabata, Dar es Salaam.

Katika miaka ya 1980 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilikuwa ikimwaga taka za mji mzima pale Tabata, katikati ya makazi ya watu. Taka zilikuwa zikichomwa. Moshi, harufu na nzi viliingia majumbani usiku na mchana. Wakazi walilalamika bila mafanikio. Mwishowe walijikusanya wakaenda Mahakama Kuu, na kesi yao ya madai ikapewa namba 299 ya mwaka 1988. Walishinda. Mahakama iliitaka halmashauri iache kumwaga taka pale na itafute mahali pengine pasipo na madhara kwa watu.

Halmashauri haikuhama. Ilirudi mahakamani ikiomba kuongezewa muda, kisha ikaomba tena. Ilipofika kwa Jaji Lugakingira, alikataa. Kwa maelezo yangu mwenyewe, hoja yake ilikuwa kwamba chombo cha umma hakiwezi kuomba ruhusa ya kuendelea kuhatarisha maisha ya watu kinaopaswa kuwahudumia, na kwamba kuwavutisha watu moshi wa taka ni kugusa haki yao ya kuishi, iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Haki hizo ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na ilikuwa Machi 1988 tu ndipo wananchi walipoweza kuanza kuzidai mahakamani. Kwa hiyo watu wa Tabata walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa kuutumia mlango huo. Waliuingia kwa sababu ya nzi na moshi.

Leo njia ni pana zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatamka wazi kwamba kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kwamba anaweza kuchukua hatua za kisheria haki hiyo ikivunjwa. Ipo pia Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Sikuambii ukimbilie mahakamani kesho asubuhi. Nataka ujue kwamba unapomwendea mtendaji na barua yako juu ya mtaro, huendi kuomba sadaka.

Taka zilihamia wapi?

Lakini kisa cha Tabata hakikuishia kwenye ushindi, na sehemu ya pili ndiyo yenye funzo kubwa zaidi kwetu watu wa Kisarawe.

Baada ya Tabata, malori yalielekezwa Kunduchi Mtongani. Huko nako kulikuwa na watu. Mwaka 1991 wakazi zaidi ya 700 wa Kunduchi wakaishitaki halmashauri ile ile kwa madhara yale yale, nao wakashinda. Taka zikaenda Vingunguti, bondeni, karibu na nyumba za watu. Baadaye zikaenda Mtoni. Hatimaye likafunguliwa dampo la Pugu Kinyamwezi, upande ule ule ambao barabara ya kuja kwetu Kisarawe inapita.

Je, umeona safari hiyo? Kila mtaa uliosimama ulipata haki yake, na taka zikaenda kwa jirani aliyefuata. Watu wa Tabata siwalaumu. Hawakuwa wao waliochagua Kunduchi, na kazi ya kutafuta mahali salama ilikuwa ya halmashauri. Ila sisi tunaoanza leo tuchukue somo: chama cha wakazi ambacho shabaha yake ni kuondoa uchafu mbele ya macho yetu tu, kitamletea adui jirani yake. Anayezibua mtaro wake kwa kuusukumia mchanga kwenye kalavati la nyumba ya chini hajasafisha, amehamisha. Anayemlipa kijana wa mkokoteni aondoe taka bila kuuliza zinapelekwa wapi, naye amehamisha. Na jirani ana haki zake katika dini yetu, awe Mwislamu au asiwe.

Hanna Nassif: mikono na kudai vyote kwa pamoja

Mfano mwingine ni wa Hanna Nassif, Kinondoni, karibu na bonde la Msimbazi. Ni eneo lililojengwa bila mpango, na mvua zikinyesha maji yalikuwa yakiingia ndani ya nyumba na kubeba yaliyomo vyooni. Wakazi waliunda chama chao cha maendeleo. Kuanzia mwaka 1994, wakisaidiana na serikali na mashirika ya kimataifa, likiwamo Shirika la Kazi Duniani, walijenga mitaro ya maji ya mvua na barabara za ndani. Kazi nyingi zilifanywa kwa mikono na wakazi wenyewe kwa malipo, wanawake kwa wanaume, na chama chao kikawa mshirika katika mikataba ya kazi.

Hapo tunapata nusu ya pili ya somo. Tabata ilitufundisha kudai, na Hanna Nassif ikatufundisha kutia mkono. Chama kinachodai tu bila kushika jembe huonekana cha wagomvi, na viongozi hukikwepa. Kinachoshika jembe tu bila kudai hugeuka kuwa kibarua wa bure wa halmashauri na wa mwenye nyumba. Kazi ya mtaro mdogo ni yetu. Kazi ya kalavati la barabara si yetu. Inapaswa kuandikiwa barua, na barua hiyo ifuatiliwe.

Chama cha wakazi kinaanzaje?

Kwanza, kutaneni mahali ambapo kila mtu atakuja. Msikiti ni pazuri kwa kutangazia, na imamu akisema neno moja baada ya swala ya Ijumaa litafika mbali. Lakini mkutano wenyewe ufanyeni chini ya mwembe au kwenye uwanja wa shule, ili na jirani Mkristo ahudhurie bila kusita. Naye anachota kisima kile kile. Chagueni saa ambayo akina mama wanaweza kuja, kwa maana wao ndio wanaojua bomba linavuja tangu lini na mtoto wa nani anaharisha.

Pili, andikeni. Mwaka 1854 mjini London, daktari John Snow alipita mitaa ya karibu na Broad Street akihesabu waliokufa kwa kipindupindu nyumba kwa nyumba, akawaweka kwenye ramani. Wakati huo wengi waliamini kwamba kipindupindu kinaletwa na hewa chafu. Hesabu yake ilionyesha vifo vimezunguka pampu moja ya maji. Kwa ushahidi huo wakuu wa eneo walikubali kung'oa mpini wa pampu ile. Hatuna haja ya kuwa madaktari ili tufanye jambo kama hilo. Daftari la shilingi chache linatosha. Andikeni tarehe chemba ilipopasuka, nyumba ngapi zinapitiwa na maji yake, watoto wangapi wameharisha mwezi huu bila kutaja majina yao, na picha ya simu ikipatikana ihifadhiwe. Kiongozi anaweza kubishana na hasira zako. Kubishana na daftari la miezi mitatu ni kazi ngumu.

Tatu, gawanyeni kazi katika mafungu matatu: yetu wenyewe, ya mwenye nyumba, na ya serikali. Kufyeka majani, kuzoa makopo, kuzibua mtaro wa mtaa na kufunika visima ni yetu. Karo lililojaa, bomba la ndani na paa ni ya mwenye nyumba. Kalavati, barabara, maji ya mradi na mahali halali pa kutupia taka ni ya kijiji na halmashauri. Mambo yakichanganywa, kila upande utasema si wangu.

Nne, tumieni vikao vilivyopo. Kwa sheria mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mwanakijiji mtu mzima ana haki ya kusema hapo. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo za usafi, zikapitishwa na halmashauri ya wilaya. Barua yenu ianze kwa mwenyekiti wa kitongoji, ipite kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na bwana afya. Toeni nakala mbili na moja igongwe muhuri wa kupokelewa irudi kwenu. Barua isiyo na muhuri wa mapokezi haina tofauti na maneno ya kijiweni.

Tano, fedha. Vyama vingi vya mitaa huuawa na fedha kabla uchafu haujaguswa. Mchango uwe mdogo, unaojulikana, na mjane asiye na uwezo asamehewe bila kutangazwa. Mweka hazina asiwe ndugu wa mwenyekiti. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila mwezi, hata kama ni shilingi elfu mbili za fagio. Fedha ya jamii ni amana, na anayeila ataulizwa na watu hapa na kwa Mola wake kesho.

Sita, na hapa irudie ile hesabu niliyokuomba uiweke akilini. Tangu mwaka 2016 tumezoea Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuwa siku ya usafi kitaifa. Ni jambo jema. Lakini mbu na nzi hawangoji mwisho wa mwezi. Katika siku 30 vizazi vitatu vinaweza kuruka. Kwa hiyo usafi wa makopo, madimbwi na taka lazima uwe wa kila wiki, saa moja tu, nyumba zote kwa pamoja. Kazi kubwa ya mitaro iachwe kwa Jumamosi ya mwezi. Mchanga na tope mnalotoa mtaroni liondolewe siku ile ile. Likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza italirudisha ndani, na kazi yenu imekuwa bure.

Mpangaji na mwenye nyumba

Najua wengi wenu ni wapangaji, na hofu yenu ni moja: nikisema juu ya karo nitaambiwa tafuta nyumba nyingine. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu mtu mmoja asiende peke yake. Barua iwe ya wapangaji wote, iandikwe kwa adabu, ieleze tatizo, tarehe na ombi, na kila mmoja aweke sahihi. Mwenye nyumba anaweza kumfukuza mpangaji mmoja mkorofi. Akiwafukuza wote kumi nyumba inabaki tupu, na karo bado limejaa. Akigoma, bwana afya ana mamlaka ya kukagua na kumwagiza arekebishe.

Nawe mwenye nyumba unayesoma safu hii, kumbuka kwamba kodi unayopokea ni malipo ya mahali panapofaa kuishi mwanadamu. Kunyonya karo ni sehemu ya gharama za nyumba, usiihesabu kuwa hisani. Tafadhali pia usimruhusu kijana yeyote kuingia ndani ya karo au shimo la choo kulisafisha kwa mkono. Hewa ya mle ndani huua kwa dakika chache, na mara nyingi humuua na yule anayeingia kumwokoa. Iteni gari la kunyonya.

Wanaoishi kwenye maghorofa wana mtihani wao. Ngazi, paa na bomba kubwa la maji machafu havina mwenyewe mmoja, na bomba la ghorofa ya tatu likipasuka, anayeumia ni wa ghorofa ya kwanza. Ndiyo maana Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inataka wenye sehemu wawe na umoja wao wa kusimamia maeneo ya pamoja. Familia 644 za Magomeni Kota, zilizovunjiwa nyumba zao za zamani na kungoja kwa kiasi cha miaka kumi, ziliweza kusimama pamoja kufuatilia haki yao mpaka maghorofa mapya yalipozinduliwa Machi 2022. Mshikamano ule uliowapa nyumba ndio unaohitajika kila mwezi kuzitunza, na hapo ndipo watu wengi hulegea. Kudai nyumba kuna hamasa. Kuchangia mafuta ya pampu ya maji hakuna hamasa hata kidogo, lakini bila hiyo ghorofa hugeuka chaka.

Wakati mnasubiri

Barua hujibiwa polepole, na mtoto anaharisha leo. Basi msingoje.

Maji ya kunywa yachemsheni mpaka yatokote kabisa, au tumieni dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kisima kiwe umbali usiopungua mita 30 kutoka choo au karo, na choo kisiwe upande wa juu wa mteremko. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika au kula. Tunastanji kwa maji, alhamdulillah, lakini maji peke yake bila sabuni hayatoshi kuondoa vijidudu mkononi. Ndoo, mapipa na simtanki zifunikwe, na makopo yamwagwe kila wiki.

Mtoto akiharisha, mpeni maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaliyochanganywa na lita moja ya maji safi. Pakiti ikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi, vijiko vya kusawazisha na visirundikwe. Mama aendelee kunyonyesha. Zinki apewe siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma, kwa dozi atakayoelekezwa na mhudumu wa afya. Mkiona macho yameingia ndani, hakojoi, hawezi kunywa, choo kina damu, au choo ni kama maji ya mchele, msingoje asubuhi. Mleteni kituoni usiku huo huo, huku mkimnywesha njiani. Na mkiona watu wawili au watatu wa jirani wanaharisha kwa namna hiyo hiyo, mwambieni bwana afya siku hiyo. Kuficha kipindupindu kwa kuona aibu ni kuwaua majirani.

Ndugu msomaji, sitakuaga kwa kukuomba ubadilishe Kisarawe nzima. Nakuomba jambo moja. Wiki hii hesabu nyumba ambazo uchafu ulio mbele ya kwako unazigusa. Huenda ni nne, huenda ni kumi na mbili. Bisha hodi kila mlango, toa salamu, uliza hali za watoto, kisha sema: jirani, ule mtaro tuuzungumze Jumamosi baada ya alasiri. Usianze na lawama juu ya nani alitupa nini. Anza na watoto, kwa sababu juu ya hao hakuna nyumba itakayokubishia.

Akija mmoja tu, anzeni wawili. Tabata nako kuna mlango uliobishwa wa kwanza.

Wabillahi tawfiq.